Jiko Halilali Chumbani

Mwezi uliopita, baada ya kikao cha akina mama kanisani hapa Mugumu, tulibaki wachache tukifagia ukumbi na kupanga viti, na mazungumzo yakaangukia vyombo vya nyumbani. Mwenzetu mmoja alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akataka ushauri anunue nini. Mmoja akamwambia anunue friji auze barafu na juisi. Mwingine akasema gesi, macho yapumzike na moshi. Wa tatu akasema runinga, maana watoto wake wanahamia kwa jirani kila jioni na hurudi wameshiba maneno ya huko. Tulipoulizwa sisi, tukasema kabla hujauliza bei ya chombo, uliza usiku kitalala wapi. Wote wakacheka. Walidhani tunazungumzia wezi.

Tumefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, kwanza Tarime na sasa wilaya ya Serengeti, na hatuna ugomvi na vyombo vya kisasa. Mashine ya kusaga ilipofika karibu, hakuna aliyelililia jiwe la kusagia mtama. Taa ndogo ya sola imefukuza kibatari katika nyumba nyingi, na pamoja nacho kile kikohozi cha watoto wanaosoma usiku na zile ajali za mafuta ya taa kunywewa na mtoto aliyeyadhania maji. Simu nayo imeokoa wajawazito wengi kwa kumwita tu mwenye pikipiki usiku wa manane. Na chupa ya chai! Hakuna anayeihesabu kuwa ni teknolojia, lakini mama anayechemsha uji mara moja asubuhi na kuutia katika chupa nzuri amejipunguzia safari ya kuni. Kwa wanaoishi vijiji vilivyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, safari hiyo si mchezo, kwani tembo naye hupita njia zizo hizo.

Lakini leo tunataka kuzungumzia chombo kimoja ambacho kila nyumba inacho na hakuna anayekiogopa, yaani jiko la mkaa.

Wanaoijua Tarime wanajua baridi yake. Mji uko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi ukungu huwa mzito na maji ya kunawa hung'ata vidole. Katika Julai ya mwaka 2009 tulimpata mtoto wetu wa tatu. Baba yake alikuwa akifundisha Mugumu, kwa hiyo tukakaa nyumbani kwa wazazi wake, upande wa Tarime, ili mama mkwe atulee. Na alitulea kweli. Kila asubuhi uji wa ulezi, kila jioni maji ya moto ya kukanda (juu ya maji hayo tulikuwa na maoni yetu ya kiuguzi, ila hayo tutayasema siku nyingine). Wakati wa kulala alileta jiko la mkaa lililokolea vizuri, jekundu, bila hata chembe ya moshi, akaliweka karibu na miguu ya kitanda, akafunga dirisha, akafunga mlango.

"Mtoto wa Julai asipoota moto atapata kichomi," alisema.

Tulijua. Hilo ndilo tunaloona aibu kuliandika. Chuoni tulifundishwa, na katika mtihani tulijibu vizuri, kwamba mkaa unaoungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Lakini tulikuwa wakwe. Ndani ya nyumba walikuwamo shangazi wawili waliokuja kumwona mtoto. Tungesimamaje mbele yao kumwambia mama aliyezaa watoto wanane na kuwalea wote kwamba moto wake una sumu? Tena chumba kilikuwa kimepata joto zuri, na mzazi wa siku tano amechoka. Tukasema ahsante mama, tukalala.

Chumbani tulikuwa watatu, mama, kichanga, na binti wa kaka aliyekuja kutusaidia, wa miaka 14 hivi. Kama saa nane za usiku binti akataka kutoka nje. Alisimama, akapiga hatua mbili, akaanguka juu ya beseni la bati. Mlio wa beseni lile ndio uliomwamsha mama mkwe. Alipofungua mlango alitukuta tumeketi kitandani, tumefumbua macho, lakini miguu imekataa amri, na kichwa kinagonga kama kinu. Mtoto alikuwa mlegevu, kama kitenge kilicholowa. Tulimwona, tukajua kuna jambo baya, na bado mikono haikunyanyuka kumchukua. Hatujapata kuogopa vile tena.

Mama mkwe hakujua ni nini, lakini alifanya lililo sahihi kwa kuogopa kwake: alitutoa wote nje uani. Tulitapika pale chini ya mparachichi, binti na sisi. Baridi ile tuliyokuwa tunaikimbia ndiyo iliyotuzindua. Mtoto alikaa muda, akakunja uso, akalia. Asubuhi tulipelekwa hospitali, akapimwa, akaonekana mzima.

Tuliporudi wote waliuliza kulikuwa na nini. Nasi, wauguzi wenye diploma, tukajibu, "Labda ni wale dagaa wa jana."

Mama mkwe aliwamwagia kuku dagaa wote waliobaki. Kuku walikula, hawakufa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Tulijipa sababu. Tulisema hatutaki kumvunja moyo mama, mgonjwa amepona, basi yaishe. Kuanzia usiku ule jiko tulilitoa kimyakimya kila alipokwisha kulala.

Mwaka uliofuata, Juni 2010, tukiwa tumerudi kazini, tulikuwa zamu alfajiri moja mlango uliposukumwa. Aliyeingia kwanza alikuwa mama mkwe, amembeba kichanga kisicho chake. Nyuma yake vijana walimshikilia mama wa mtoto huyo, jirani yetu, mzazi wa siku tisa. Alikuwa akilalamika kichwa na kutapika, hawezi kusimama. Wakapewa hewa ya oksijeni, mama na mtoto. Mama akapata nafuu siku ile ile. Mtoto alikaa siku mbili bila kunyonya sawasawa, na siku mbili hizo kwetu zilikuwa ndefu kuliko juma. Alipona. Tunaliandika hili mapema ili msomaji asibaki na wasiwasi kama tuliobaki nao sisi.

Mama mkwe alituita pembeni ya wodi. "Huyu yuko kama ninyi siku ile," alisema. "Nami ndiye niliyemwambia aweke jiko. Ni nini hiki, mwanangu?"

Tukamwambia. Tukamwambia na kwamba tulijua tangu siku ile. Alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama mikono yake, kisha akauliza, "Na wale dagaa niliowamwagia kuku?"

Hatukuwa na jibu. Hakutukaripia, na ingalikuwa afadhali angalikaripia.

Siku chache baadaye alituuliza swali ambalo tunadhani ndilo kiini cha mambo yote ya vyombo vya nyumbani. Alisema, "Mimi nimelea watoto wanane, moto uko ndani, usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliyeanguka. Je, mkaa umebadilika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mkaa haukubadilika, iliyobadilika ni nyumba. Alipolea watoto wake aliishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Paa la nyasi hupumua, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi ambapo moshi ulitoka na hewa ikaingia. Moshi ule uliumiza macho na mapafu, hatuusifu, lakini sumu haikupata mahali pa kujaa. Nyumba tuliyolala sisi ilikuwa imemalizwa mwaka mmoja kabla, na wanawe waliijenga kwa fahari: matofali ya kuchoma, bati, dari, madirisha ya vioo. Chumba kile ukikifunga kimefungwa. Jiko ni lile lile la zamani, ila limehamia nyumba isiyolifaa, na hakuna aliyekuja kumwambia mwenye jiko.

Tueleze kidogo kwa lugha ya nyumbani. Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni kama mkokoteni unavyobeba madebe ya maji. Hii kaboni monoksaidi hujipakia katika mkokoteni huo huo, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mkokoteni unatembea umejaa, lakini maji hayafiki. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Mkaa uliokolea bila moshi, ule tunaouita mzuri, unaendelea kuitoa. Mwili huumwa kichwa, hulegea, husikia kichefuchefu na usingizi, na usingizi huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa aliyelala hawezi kufungua dirisha. Kwa mjamzito, sumu hukaa katika damu ya mtoto aliye tumboni kwa muda mrefu kuliko katika damu yake yeye. Mkiona watu wawili watatu wa chumba kimoja wameamka wote na kichwa kizito, msiwasingizie dagaa. Tokeni nje, fungueni kila kitu, mwende hospitali hata kama mmeanza kujisikia vizuri.

Wengine hutuambia wao wananunua majiko banifu, yale yenye udongo ndani na bati nje, ambayo yalianza kuenea Kenya miaka ya 1980 na huku kwetu huvuka Sirari kwa wingi. Ni mazuri, yanapunguza gunia la mkaa. Lakini kupunguza mkaa si kuondoa sumu. Wala kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kwa jiko la kulala nalo. Na jenereta iwashwayo ndani au barazani karibu na dirisha ni jamaa wa jiko hilo hilo.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Tulifurahi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000, kwa hiyo hili si jambo la anasa. Ila sisi tunaopita majumbani tunaona yaliyomo. Mtungi wa kilo 6 upo, umefunikwa kitambaa cha kudarizi, unachemsha chai ya wageni. Maharage yanapikwa kwa mkaa, kwa sababu mama anaogopa gesi itaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba jiko la mkaa litakuwa nasi kwa miaka kadhaa bado, na usiku wa Julai litaingia chumbani kama hatukusema wazi. (Na mtungi nao, tafadhali, usikae chumbani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni. Pitisha povu la sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi, penye tundu utaona mapovu.)

Basi kichanga kipate joto wapi? Kifuani kwa mama. Kivueni nguo, kiacheni na nepi, kofia na soksi, kiwekwe ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, kifungwe kwa kanga, juu yake blanketi. Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na vichanga njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Mama akichoka, baba anaweza, na nyanya anaweza. Baba wa mtoto wetu alibeba wa nne hivyo, shati wazi, huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na majirani walikuja kuchungulia.

Yule mwenzetu wa upatu alinunua gesi, na fedha iliyobaki akanunua chupa ya chai ya lita tatu. Runinga atainunua zamu nyingine, watoto waendelee kushiba maneno ya jirani kwa sasa.

Mtoto wa dagaa yuko sekondari, na anaijua habari hii yote. Anayeisimulia si sisi, ni nyanya yake. Ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo, lakini penye mzazi haachi kufika. Hukaribishwa, hukataa kiti kwanza, hutazama pembe zote za chumba na chini ya kitanda. Akiona jiko hulibeba mwenyewe kwa kitambaa mpaka uani. Ndipo hurudi, huketi, na kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.