Unguja na Kamera: Lenzi Inahitaji Ngao?

Unapanga kwenda Unguja na mwenzio? Hongereni! Najua mmeshapiga hesabu ya boti, hoteli, pweza wa Forodhani na khanga za zawadi. Lakini kama safari hii mnabeba kamera ya maana, kuna hesabu moja inayoweza kuwagombanisha kabla hamjapanda boti: mnunue vile vifaa vya kulinda lenzi, au ni kuchezea pesa?

Kwetu mjadala huo ulichukua wiki nzima. Mume wangu alitaka filta ya UV, kile kioo cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi. Nikamwambia, "Baba Nasra, lenzi yenyewe ni kioo. Sasa kioo kilindwe na kioo?" Akanijibu, "Mama Nasra, lenzi ikikwaruzwa ada ya mtoto ndiyo itaitengeneza?" Ngoma ikawa droo. Tukaazima filta kwa shemeji, tukanunua vitu vingine vidogovidogo, tukaenda siku tano kuona kisiwa kitasemaje.

Vichochoroni Mji Mkongwe

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, ni mtamu kwa picha lakini hauna huruma na kamera inayoning'inia shingoni. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ile milango ya kuchongwa ina misumari ya shaba iliyochomoza kama pembe. Unampisha mwenye baiskeli, unageuka, kamera inagonga ukuta. Kwa!

Hapa filta si mkombozi. Kioo chake ni chembamba, na kikipasuka vipande vyake vinaweza kukwaruza lenzi ileile uliyotaka kuilinda. Kilichotusaidia ni hudi, ile pete ya plastiki inayovishwa mbele ya lenzi kama kikombe kisicho na kitako. Ukuta unagonga plastiki, lenzi iko ndani imetulia. Zaidi ya hapo, hudi inakata jua la pembeni, na saa sita mchana kwenye kuta nyeupe za Shangani utaona tofauti bila kuambiwa.

Paje, upepo na chumvi

Tukahamia pwani ya mashariki. Paje ni mchanga mweupe laini kama unga, akina mama wanaolima mwani maji yakitoka, na vijana wa tiara wanaopaa juu ya mawimbi kwa sababu upepo upo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi ikashika zamu kuanzia Juni hadi Septemba. Upepo huo huo unarusha mchanga na mvuke wa chumvi usoni mwako na mwa lenzi.

Hapo nilimpa mume wangu haki yake. Pwani filta ina kazi. Chumvi ikiganda, unasafisha kioo cha bei nafuu badala ya lenzi yenyewe. Kuna hata lenzi chache za Canon za daraja la L ambazo mtengenezaji mwenyewe anasema lazima zifungwe filta ndipo kinga yake dhidi ya vumbi na maji ikamilike.

Ila jina la UV lisikutishe. Enzi za filamu, mwanga wa urujuanimno uliweza kuleta ukungu wa kibluu kwenye picha za baharini, ndiyo maana filta ilihitajika. Kamera za dijitali zinauchuja zenyewe ndani. Leo unanunua kioo cha kinga tu.

Na mchanga ukishaingia, usikimbilie kufuta kwa upindo wa khanga! Hapo unasugua lenzi na msasa. Puliza kwanza kwa kipampu cha mpira, kisha brashi laini, mwisho kitambaa maalumu. Kipampu hiki ni cha bei ndogo na kilifanya kazi kuliko vyote.

Usiku Forodhani

Jua likizama, taa zinawaka, urojo unachemka, wapenzi wamejaa ukutani wakila upepo. Piga picha na filta uone: vidoa vya kijani vinaelea angani kama vimulimuli. Ni mwanga wa taa unaodunda kati ya filta na lenzi, na filta ya bei ya kutupa ndiyo mbaya zaidi. Ukifika Forodhani usiku, ivue. Ndivyo ilivyo hata kwa vile vioo vya kubandika juu ya kamera ya simu. Kamera ya simu tayari ina kioo chake cha kinga, na cha pili kinaongeza mwako.

Adui asiyeonekana

Kinachoua lenzi pwani polepole ni unyevu. Lenzi ikifungiwa miezi kwenye mkoba wenye joto na majimaji inaota kuvu ndani, na hapo hakuna filta inayosaidia. Tia vipakiti vya silika kwenye mkoba, na kamera itumike, isilale. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kwanza, uiache nje kama nusu saa ipate joto. La sivyo lenzi itatoka jasho, na picha zenu za asubuhi zote ni ukungu.

Sasa pochi inasemaje?

Kama pesa ni ya kubana, panga hivi: hudi na kifuniko kwanza, kipampu na kitambaa, silika, halafu filta nzuri moja kwa ajili ya pwani tu. Filta mbovu mbele ya lenzi ghali ni hasara mara mbili.

Lakini kubwa kuliko yote, kinga isiwafanye muiogope kamera. Mama mkwe wangu ana picha ya ujana wake, amesimama mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, mnara wa saa ukionekana nyuma yake. Mnara ule ulianguka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Picha yake ina mkwaruzo pembeni, na hakuna anayeuona. Tunamwangalia yeye na ule mnara.

Kwa hiyo nunueni kile kitakachowafanya mtembee na kamera mkononi. Kinachowafanya muiache hotelini, hata kikiwa cha bure, kimewagharimu.