Baina ya Kulipwa na Kulipa

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ndiyo aliyojiliwazia mhitimu mmoja wa shahada ya ualimu, baada ya miaka mitatu ya kubisha milango ya shule bila kufunguliwa, siku alipopata ujumbe kwenye simu. Kampuni ya ng'ambo, ujumbe ulidai, ilihitaji watu wa kufanyia kazi nyumbani: kutazama video na kubonyeza alama ya kupendezwa. Hakuulizwa cheti wala hakuitwa kwenye mahojiano.

Jioni hiyo alitumiwa shilingi 150 kwa M-Pesa. Zilikuwa shilingi halisi, nazo ndizo zilizoua shaka yake. Tapeli hujua kwamba ndege hanaswi kwa mtego usio na punje. Kisha akaingizwa katika kundi la Telegram, ambamo kila saa watu walionyesha risiti za mapato na kumshukuru msimamizi. Hakung'amua kwamba umati kama huo aghalabu huwa mtu mmoja au wawili wenye majina mengi.

Siku ya tatu lugha ilibadilika. Atangulize 1,000, arejeshewe 1,300. Akarejeshewa. Akatanguliza 5,000, faida ikaonekana kwenye akaunti yake, ila haikutoka. Akaambiwa amekosea hatua, atume 12,000 ili akaunti ifunguliwe. Kisha ikadaiwa "kodi". Alizitoa katika karo ya mdogo wake. Kila alipotaka kuacha, alizikumbuka zilizokwisha kwenda, akatuma nyingine kuzifuata.

Baina ya kulipwa na kulipa pana kiambishi kimoja tu, -w-, na utapeli huu umejengwa juu ya kukidondosha bila msikilizaji kugutuka. Mwajiri wa kweli hulipa. Kodi ya mshahara hukatwa katika mshahara wenyewe, haitangulizwi na mfanyakazi.

Kenya ina sheria ya makosa ya mtandaoni tangu mwaka 2018, lakini sheria husubiri mlalamishi. Mhitimu alinyamaza majuma mawili akihofia kuitwa mwenye tamaa, ilhali alichokuwa nacho ni haja ya kazi. Kimya hicho kilimfaa tapeli peke yake.

Hatimaye alimweleza mama yake, ambaye hakuwahi kutumia intaneti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu:

"Mwanangu, tangu lini kibarua akamlipa mwenye shamba?"