Tulipozima Tochi Pangoni

Nimekulia Tanga, lakini nilifikisha miaka arobaini bila kuingia mapango ya Amboni, ingawa ni kama kilomita nane tu kutoka mjini, upande wa barabara ya kwenda Mombasa. Bibi alitutisha mno. Alisema mbwa aliingia humo akatokea Mombasa. (Kila mzee wa Tanga ana mbwa wake wa namna hiyo.)

Likizo ya Desemba 2018 watoto walinishinda kwa kuomba. Mume wangu akacheka: "Mama watoto, wewe unayeogopa hata stoo ya mkaa?" Nikamwambia tutarudi saa tisa, na asipotuona hadi saa kumi na moja atufuate. Tulivaa raba badala ya ndala, tukachukua tochi mbili na betri za akiba.

Ndani kuna ubaridi na harufu ya popo. Mwongozaji, kijana mpole, alitueleza kuwa mawe yale ni ya chokaa, na umri wake ni kama miaka milioni 150. Maji ya mvua hupata ukali kidogo yanapopita udongoni, yakalila jiwe polepole. Kila tone likining'inia darini huacha chembe ya chokaa, na ncha ile hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Binti yangu alikuwa ameshanyoosha mkono. "Usiguse, dada. Mafuta ya kidole huliharibu." Nikapiga hesabu: ncha ndefu kama mkono wangu ilianza kabla Vasco da Gama hajaiona pwani yetu!

Tukapita mahali ambapo watu huacha sadaka zao wakiomba kupata watoto. Mimi simwendei mzimu, ila sikuwacheka. Baada ya binti yangu, nilimsubiri mdogo wake miaka sita.

Mbele kulikuwa na kipenyo chembamba, tukatambaa. Mwongozaji alishatuagiza tuhesabiane kila tunapopita mahali pa namna hiyo. Mimi nikashughulika kupangusa magoti. Nilipoinua macho, mdogo hayupo.

Nikataka kukimbia. "Mama, simama hapo hapo na binti yako," kijana akasema, akarudi kipenyoni na tochi yake. Niliomba bila maneno. Nyuma yetu njia ziligawanyika, na mtoto wa miaka minane hachagui kwa busara.

Kisha nikasikia sauti yake ndogo: "Niko hapa! Nimekaa!"

Alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu, tukamwacha. Akakumbuka alichoambiwa mlangoni: ukipotea usitembee, kaa, uite. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Sikuwa na la kumkaripia. Kosa lilikuwa langu.

Nilitaka tutoke mara moja. Yeye akanishika mkono. "Mama, gizani nimesikia kitu. Zimeni tochi."

Mwongozaji akanitazama. Tukashikana mikono wote wanne, tukahesabiana kwa sauti, tukazima. Giza lile sijaliona kwingine. Ukifumba macho au ukiyafumbua ni mamoja. Halafu, mahali fulani juu yetu, to. Kimya kirefu. To.

Binti yangu alihesabu matone kumi na saba kabla sijawasha tochi. Mkono wa mdogo wake sikuuachia hadi tulipofika juani.