Mheshimiwa, Nilikuwa Naomba

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja ya ardhi kufuatilia hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Shangazi amevuka miaka 70. Kijana aliyekaa nyuma ya dirisha alikuwa rika la wajukuu zake, nami nikatarajia shikamoo. Haikutoka. Shangazi alingoja kidogo, kisha akainamisha kichwa na kusema: "Mheshimiwa, samahani, nilikuwa naomba kuulizia lile faili langu." Akaambiwa akae, ataitwa.

Nyumbani kwake shangazi hasemi hivyo. Kijana yeyote wa mtaani humwita mwanangu, na akiona kiu humwambia, "Hebu niletee maji." Ni amri tupu, wala haimuudhi mtu, kwa kuwa umri umempa haki hiyo. Mbele ya dirisha lile haki ilifutika, na sarufi yake ikabadilika papo hapo. Litazameni hilo "nilikuwa naomba". Ombi ni la sasa, lakini amelisukuma kwenye wakati uliopita, kana kwamba anajiandaa kulikana iwapo litaudhi. Wanafunzi wangu huniambia kwamba hiyo ni adabu tu. Sawa, ni adabu. Lakini mbona hupanda bila kushuka? Kijana yule hakusema, "Nilikuwa naomba ukae, mama."

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno la kumwitia mtu hadharani, awe waziri au mkulima, lilikuwa ndugu. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilitangaza undugu wa binadamu wote, na masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Sitaki kuipamba enzi ile; wapo walioitwa ndugu huku wakihamishwa kwa nguvu kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Hata hivyo, neno lile lilimwachia mnyonge mlango wa kuingilia, maana ndugu unaweza kumdai. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti yale, vyama vingi vikarudi 1992, na katika miaka iliyofuata mheshimiwa likatamalaki. Limeteremka kutoka bungeni hadi kwa diwani, na sasa, kama nilivyosikia kwa masikio yangu, limefika kwa karani wa dirishani. Mheshimiwa hadaiwi. Huombwa, na huombwa kwa wakati uliopita.

Tulikaa zaidi ya saa nzima. Hatimaye nilisimama mimi. Sikumwita mtu mheshimiwa; nilitumia sauti ile ya ukumbi wa mihadhara, nikachomeka maneno matatu manne ya Kiingereza, nikauliza ni nani mkuu wa kitengo. Kijana akainuka. Faili likapatikana kabla ya robo saa kwisha.

Kila mwaka hufundisha utafiti wa William Labov, aliyewauliza wauzaji wa maduka matatu makubwa ya New York swali ambalo jibu lake lilikuwa "ghorofa ya nne", akabaini kwamba matamshi yao ya sauti r yalikwenda sambamba na hadhi ya duka. Huufundisha kwa furaha, kama mchezo wa werevu. Siku ile, nikiwa na faili mkononi, sikuona furaha yoyote, ingawa lazima nikiri kwamba kwa dakika chache za mwanzo nilijisikia shujaa.

Njiani shangazi aliniuliza, "Mwanangu, wewe ulimwambia nini ambacho mimi sikumwambia?" Nilipekua kumbukumbu yangu. Jina lilikuwa lilelile, namba ya kiwanja ileile, kata ileile. Nikamwambia kwamba labda zamu ilikuwa imebadilika. Aliniangalia, hakuongeza neno.

Juzi mwanafunzi alibisha hodi ofisini kwangu, akasimama mlangoni na kuanza: "Samahani, Daktari, kama hutajali, nilikuwa naomba..." Nilikuwa nikiandika barua. Nilimwacha aikamilishe sentensi yote, hadi mwisho, ndipo nikainua macho.