Vinondo vya Michongoma

Mama mwenzangu, ikiwa shamba lenu la korosho limepakana na kichaka, huenda nawe umeyasikia maneno haya: "Mama watoto, michongoma hii naifyeka yote. Inafuga wadudu." Mume wangu alikuwa ameona majani machanga ya mikorosho yana madoa meupe, na jioni vinondo vidogo kuliko punje ya mchele vikiruka kwenye michongoma. Kwake kesi ilikwisha.

Shamba letu liko njia ya Msimbati. Kichaka kile hunipa kuni, na watoto hula matunda yake. Nikaomba majuma mawili.

Vinondo hivi ni vigumu kuvitambua kwa kuvikamata. Ukikigusa, rangi hubaki vidoleni kama unga, kwani mabawa yamefunikwa na magamba madogo mno. Ni afadhali uanze na jani. Viwavi vya namna hii huishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, vikila na kusonga mbele. Vingine huacha mstari uliopindapinda kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Vingine huacha lengelenge. Lielekeze jani kwenye jua, utakiona kiwavi humo pamoja na mavi yake. (Wanangu walifurahia hayo mavi kuliko kitu kingine chochote!)

Tukatia majani ya mchongoma katika chupa moja ya jemu na ya mkorosho katika nyingine, pamoja na pamba yenye unyevu, tukafunga midomo kwa kipande cha khanga. Binti yangu akaandika tarehe na jina la mti. Kwenye mchongoma wakatoka nondo weupe wa kung'aa kama fedha. Kwenye mkorosho, wa kijivu. Akatoka pia nyigu mdogo kuliko sisimizi, wa wale wanaokulia ndani ya viwavi na kuviua.

Wachimba majani wengi hushika mmea mmoja au ndugu zake. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Ndugu zake hapa ni mwembe na mng'ongo, wala si mchongoma. Majani ya mkorosho tuliyapeleka kituo cha utafiti cha Naliendele, wanakoshughulika na zao hili.

Mume wangu alizitazama zile chupa mbili kwa muda mrefu. Kisha akafyeka upande mmoja tu, apate njia ya baiskeli.