Marashi Nisiyoyasikia

Nilinunua kichupa cha mililita 2 cha Molecule 01, kutoka kampuni huru ya Escentric Molecules, nikajipulizia mkononi. Wapi! Hakuna kitu. Tangu korona inizibe pua, mi huipima kila asubuhi kwa majani chai, kwa hivyo roho ilinidunda: imepotea tena? Nikakimbilia jikoni kunusa kitunguu. Kinanuka, asante Mungu.

Kumbe marashi haya, aliyoyatunga Geza Schoen mwaka wa 2006, yametegemea kemikali moja tu, Iso E Super, na kuna watu hawaisikii kabisa. Wengine inawajia na kupotea.

Jioni mamangu akanikaribia. “We, umetoka kwa fundi? Mbona unanukia mbao?”

Chupa nzima sinunui, labda mama achange.