Mtu wa Mwisho Kuniita Binti

Msibani kila mtu ana nafasi yake. Wafiwa wa ndani wanakaa mkekani. Majirani wako kwenye masufuria. Wafanyakazi wenzake marehemu wanaingia pamoja na bahasha ya rambirambi, wanasaini daftari, wanaondoka pamoja. Daktari wetu alipofariki, sisi wagonjwa wake tulijikuta hatuna pa kukaa. Tulijibanza mwisho wa turubai kwenye viti vya plastiki, tukitambuana kwa sura tu, kwa kuwa kwa miaka mingi tulikuwa tumekaa benchi moja pale kwake Magomeni, kila mmoja akijifanya hasikii kikohozi cha mwenzake. Watu walipita wakimpa pole mjane, watoto, wapwa. Hakuna anayempa pole mtu kwa kufiwa na daktari wake. Naye angejibu nini? Marehemu si baba yake wala si mjomba wake. Ni mtu aliyekuwa akimlipa ili amkataze chumvi.

Lakini nilifiwa, na nilichukua muda kuelewa nimefiwa na nini hasa. Utaalamu haukuzikwa naye. Dawa zipo, maabara za sasa ni bora kuliko ile yake ya darubini moja, na Dar es Salaam haina uhaba wa vibao vya hospitali. Nilichokuwa sina ni njia ya kuanza. Daktari wa kwanza sikumchagua. Mama ndiye aliyenishika mkono akanipeleka, na mimi nikabaki hapo hapo mpaka nywele zikaota mvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tangu sheria ya mwaka 1977, tiba ya kibiashara ilikuwa marufuku. Ukiumwa ulikwenda hospitali ya serikali au ya misheni. Marekebisho ya 1991 yalipofungua mlango, madaktari waliokuwa wakingoja siku hiyo walikodi vyumba viwili vitatu, wakapiga chokaa, wakatundika kibao. Daktari wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na meza, mizani, kitanda chenye mpira mweusi uliopasuka pembeni, na sanduku la mbao la kadi za wagonjwa. Mimi nilikuwa na homa, na enzi zile homa ilikuwa na jina moja tu. Akanipa klorokwini. Usiku kucha nikajikuna. Asubuhi mama akanirudisha, yeye akaitazama mikwaruzo mikononi mwangu, akaandika neno kwenye kadi, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Mwaka 2001 klorokwini ikaondolewa, ikaja SP. Hiyo nayo ina salfa ndani yake, na salfa ikanivimbisha midomo. Akaandika neno jingine. Kuelekea mwisho wa 2006 ikaja dawa ya mseto, na kabla sijafungua mdomo kuuliza akasema, "Hii mtapatana." Sera ya taifa ya malaria ilibadilika mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na mtu aliyejua mwili wangu utaipokeaje.

Nilimwamkia shikamoo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara alijibu, "Marahaba, binti." Niliposhika mimba ya kwanza nilikuwa binti. Nilipopandishwa cheo kazini na vijana wa mapokezi wakaanza kuniamkia mimi, kwake nilikuwa binti. Baba akafariki, mama akafariki, mjomba wa mwisho akafuata, na watu wa kuniita hivyo wakapungua mmoja mmoja bila mimi kuona, mpaka akabaki yule aliyekaa nyuma ya meza ya Magomeni. Huko nje mimi ni mama, ni shangazi, ni bosi. Kwenye daladala vijana wananipisha kiti, nami nimeshaacha kukataa. Kile chumba kilikuwa mahali pa mwisho mjini ambapo nilikuwa mdogo wa mtu. Humo pia ndimo ulimobaki mwili wangu wa zamani, ule uliopanda ngazi mbili mbili. Hata mume wangu hakuukuta.

Niseme wazi kwamba kuchagua daktari ni shida ya wenye nafuu. Sehemu kubwa ya nchi hii mtu anakwenda zahanati ya kijijini, anamwona tabibu aliye zamu, na faili lake ni daftari la shule analokuja nalo mwenyewe mkononi. Tabibu akihamishwa anakuja mwingine, na maandishi yanaendelea pale yalipoishia. Hata sisi wenye bima, kadi inatufungulia kituo. Mtu wa kukujua hayumo kwenye kifurushi. Nchini Norway wamefanya tofauti: tangu 2001 kila mkazi ana haki ya kuandikishwa kwa daktari mmoja anayemhudumia mwaka hadi mwaka. Watafiti wa huko walizipitia kumbukumbu za watu kama milioni 4.5 na kukuta kwamba waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa ulio chini kwa takriban asilimia 25, ukiwalinganisha na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au pungufu.

Nilipolisoma hilo sikufarijika hata kidogo. Nilipiga hesabu. Nina miaka 51. Nikianza leo na daktari mgeni, miaka hiyo 15 itatimia nikiwa na 66, na mama yangu hakuifikia 60. Zaidi ya hapo, nikimchagua mzee mwenye busara kama yule wa kwanza, nitamzika naye, kisha nianze upya nikiwa bibi kizee. Kwa hiyo nikajikuta nawapima madaktari kwa umri, kama mfugaji anayechungulia meno ya ng'ombe mnadani. Mtu wa makamo anahitaji daktari atakayebaki baada yake. Ukilitamka hivyo unaona ni uchaguzi wa aina gani unaoufanya.

Wa kwanza niliyekwenda kwake alikuwa katika hospitali kubwa yenye lifti na harufu ya kahawa. Alikuwa mwerevu, na alikuwa na haraka, na sehemu kubwa ya mazungumzo yetu aliifanya na kompyuta. Wa pili alikuwa bingwa wa moyo, kwa sababu siku hizi ukitaja presha kazini unaambiwa uende kwa bingwa. Aliujua moyo wangu kuliko ninavyoujua mimi. Nilipomtajia goti, akanielekeza ghorofa ya juu.

Wa tatu ni daktari wa kike, Sinza, katika polikliniki iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilipoingia alisimama. "Shikamoo mama." Nilikuwa nimeshika kichupa cha mkojo, na katika hali hiyo nikaitikia marahaba kwa sauti niliyoizoea kwa wanangu. Sijui kama kuna namna ya heshima ya kufanya jambo hilo. Mkubwa anaitikia, kisha mkubwa anaambiwa apande kitandani, akunje magoti, alegeze misuli. Yeye alilibeba vizuri kuliko mimi. Kila alipotaka kunigusa alianza na "samahani mama", na kila swali gumu aliliuliza bila samahani. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Nikikohoa mkojo unatoka? Nimewahi kupimwa mlango wa kizazi? Haya Daktari hakuniuliza hata siku moja. Alinijua tangu nikiwa msichana, mimi nilimstahi kama baba, na kati yetu kulikuwa na chumba kizima tulichokifunga kwa adabu. Aliandika rufaa kwa sista wa kliniki ya kina mama, akainamisha macho kwenye kadi, tukazungumzia mvua. Mgeni huyu, anayeweza kuwa mwanangu wa kumzaa, aliufungua mlango kwa dakika tano. Nilishangaa kuona kwamba nimepumua.

Kisha akafika kwenye historia ya familia.

"Mama yupo?"

"Hayupo."

"Alifariki kwa nini?"

"Kiharusi. Mwaka 2009."

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na nane."

Akaandika. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake, saba kati yangu na ile namba, naye akawa mwungwana hakuitamka. Baba? Sukari. Ndugu? Mmoja, ajali. Wanawake wa upande wa mama? Nikawataja, na kila mmoja akaingia kwenye kisanduku chake, na wote pamoja hawakujaza nusu ukurasa.

Hakufanya kosa lolote. Hivyo ndivyo historia inavyochukuliwa. Lakini mimi usiku ule wa 2009 sikuwahi kumsimulia mtu mwenye kalamu, kwa sababu aliyekuwa na kalamu alikuwepo. Alikuja nyumbani kwa miguu, umeme umekatika, amevaa kandambili na shati la kitenge, kipimo cha moyo kikining'inia mfukoni. Alimwinamia mama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniambia, "Binti, kaa chini kwanza," na mimi nikajua. Miaka yote iliyofuata, kila nilipoingia chumbani kwake, hilo lilikuwa tayari limo humo, na hatukuhitaji kulizungumza. Sasa lilikuwa neno moja na mwaka, na mimi ndiye niliyelifupisha.

Baada ya arobaini, binti yake Daktari alikuwa ametutumia ujumbe: mwenye kutaka kadi yake aje aichukue, chumba kinarudishwa kwa mwenye nyumba. Yangu ilikuwa kadi nne zilizobanwa pamoja kwa pini yenye kutu. Nilimpelekea daktari wa Sinza safari iliyofuata. Nadhani nilitaka wajuane.

Tulisoma pamoja, yeye akinisaidia pale mwandiko ulipokuwa matone ya wino. Ni Kiingereza cha kidaktari, cha vifupisho, chenye namba nyingi. Uzito wangu unapanda na kushuka na watoto wawili. Klorokwini, salfa, kila kimoja kimepigiwa mstari mara mbili. Halafu, wiki ya msiba wa mama, presha 160 kwa 100, na chini yake, katikati ya Kiingereza chote kile, sentensi moja ya Kiswahili: *Kafiwa na mama yake juzi. Presha ya leo isihesabiwe.*

Nilishindwa kuendelea. Daktari wa Sinza akasogeza boksi la tishu, akangoja, kisha akaichukua kadi, akaipeleka karibu na dirisha, akafuata namba kwa kidole. Miezi sita baadaye, 158 kwa 98. Mwaka uliofuata, ileile. Hapakuwa na sentensi tena, ila hapakuwa na dawa pia. Dawa ilianza karibu miaka miwili baada ya mazishi.

"Alikuwa anakuonea huruma," akasema.

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikatazama tena namba, nikaona kwamba ni kweli. Presha inayovuka 140 kwa 90, ikirudia kuvuka, haijali imetokana na nini, na Daktari alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini alimjua yule mwanamke aliyekuwa na namba hizo, alijua halali, alijua anakwenda makaburini kila Ijumaa, na kila aliposoma kipimo alisoma huzuni. Yule wa Norway mwenye takwimu angeweza kumsifu, na binti huyu wa Sinza aliweza kumkosoa, na wote wawili wangekuwa wanazungumzia kitu kimoja. Nilimpenda kwa ajili ya sentensi ile. Bado nampenda kwa ajili yake. Mgeni asingeiandika, na mgeni angenianzishia dawa wiki ileile.

Dawa yenyewe ndiyo tunayogombana sasa. Daktari alinipa atenololi, na nimeimeza kila asubuhi tangu hapo. Huyu anasema siku hizi hawaanzi nayo kwa mtu mwenye presha tupu, isiyo na tatizo jingine la moyo. Anataka nihamie amlodipini. Nilimwambia kwamba imenifaa miaka yote hii. Akasema haikunifaa kiasi hicho, akanionyesha namba za mwezi huu. Nilimwambia basi niiache kesho. Akastuka. Atenololi haiachwi ghafla, akasema, moyo ulioizoea unaweza kuja juu kwa fujo. Inapunguzwa, nusu kidonge kwanza, kisha nusu ya nusu, kwa wiki kadhaa, na nyingine inaingia huku hii ikitoka. Akaniandikia ratiba kwa herufi kubwa zinazosomeka, jambo lililonipa wasiwasi zaidi.

Nilikunja karatasi nikaitia kwenye pochi. Nikamwambia nitafikiria.

"Fikiria, mama," akasema, akiwa ameshamwita mgonjwa anayefuata. "Ila uwe unafikiria huku unameza."